Njia Imehamia Juu: Haki ya Wakimbiao Ukingoni mwa Mto Ngerengere

*Bustani za mboga, reli mbili na mto utokao Uluguru vinagombea ardhi ile ile nyembamba. Anayepungukiwa ni yule apitaye kwa miguu.*

Alfajiri ya Jumamosi, wakati ukungu ulipokuwa ungali umelala juu ya Mto Ngerengere, na milima ya Uluguru upande wa magharibi ikiwa bado kivuli kisichopambanuka na mawingu, vijana wanane, wavulana sita na wasichana wawili, walijipanga wawili wawili karibu na stesheni ya zamani, wakakaza kamba za viatu, wakaanza mchakamchaka kuelekea mtoni.

Niliwafuata kwa baiskeli ya kuazima, nipate kuyaona wanayoyaona. Kwa robo saa njia ilikuwa njema: udongo mwekundu ulioshindiliwa na nyayo za miaka mingi, upana wa kuwatosha watu wawili, mikuyu ikitoa kivuli upande wa maji, na harufu ya majani mabichi ikipanda kila mguu ulipogusa umande.

Kisha, mahali ambapo mto hujipinda, njia ilikatika. Mbele yetu palikuwa na boma la matawi ya miiba. Ndani yake matuta mapya ya nyanya. Na baina ya matuta mpira wa maji, uliotoka katika pampu iliyokuwa ikinguruma ukingoni kabisa, mguu mmoja ukiwa umezama katika tope.

Vijana hawakugomba. Aliyeongoza safu alisimama kwa adabu, akavuta pumzi, akasema, “Shikamoo, babu.”

“Marahaba, wajukuu zangu,” mzee aliitikia, jembe likiwa begani. “Njia imehamia juu.”

Akaelekeza kwa mkono. Huko juu hapakuwa na njia. Palikuwa na nyasi za kimo cha kifua, na ndani ya nyasi maganda ya upupu yaliyokwisha kukomaa, ambayo asiyeyajua huyapita mara moja tu katika maisha yake. Wasichana walitazamana. Safu ikageuka, ikarudi ilikotoka.

Mhariri alikuwa ameniagiza nichunguze njia za kukimbilia mbio kandokando ya mto na katika mashamba ya Ngerengere, nami nilidhani nitaandika habari za siha na mandhari. Maneno matatu ya mzee yule yalinigeuza. Njia ikihama leo, na kuhama tena kesho, iko siku itafika mahali pasipo na pa kuhamia, na siku hiyo atakayekosa pa kupita hatakuwa mkimbiaji peke yake.

Nchi iliyochorwa na nyayo za kazi

Ngerengere ni jina la mto, na ni jina la mji mdogo wa reli ulio mashariki ya Morogoro, katika njia iendayo Dar es Salaam. Mto huanzia katika miteremko ya Uluguru, hujaza bwawa la Mindu ambalo wakazi wa Morogoro hunywa maji yake, hupokea maji ya Mto Morogoro, kisha huelekea mashariki katika nchi ya chini yenye joto na vichaka, mpaka ukajitia katika Mto Ruvu. Na Ruvu ndio uwanyweshao watu wengi wa Dar es Salaam kabla haujafika baharini. Basi akanyagaye ukingo wa Ngerengere anakanyaga kizingiti cha nyumba ya watu wengi asiowajua.

Njia za miguu za nchi hii hazikufanywa kwa ajili ya mchezo. Wajerumani walianza kulaza reli ya kati kutoka Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Morogoro mwaka 1907 na Kigoma mwaka 1914, na kandokando ya reli ile ukazaliwa ujia wa watu wa gengi, waliokuwa wakipita kwa miguu, spana na nyundo mikononi, kukagua mataruma na kukaza parafujo, mvua inyeshe au jua liwake.

Pamoja na reli ulikuja mkonge. Mwaka 1893 mtaalamu Mjerumani, Richard Hindorf, aliagiza miche ya mkonge kutoka Florida. Iliyosalimika na safari ilikuwa 62 tu, na katika uzao wa miche hiyo michache yakaenea mashamba yaliyoifanya Tanganyika kuwa mzalishaji mkuu wa katani duniani. Ukanda wa reli baina ya Ngerengere na Morogoro ulipandwa mkonge kwa safu zilizonyooka kama mistari ya daftari, na katikati ya safu pakalazwa vireli vyembamba vya kusukumia matoroli ya majani hadi korona, yaani mtambo wa kukamulia mkonge.

Manamba waliotoka mikoa ya mbali kuja kukata majani yale walipita humo asubuhi na jioni. Bei ya katani ilipoanguka, kwa kuwa dunia ilijipatia kamba za plastiki, mashamba mengi yalififia na vireli vikang'olewa. Lakini matuta ambayo vireli vililazwa juu yake hayakung'oleka. Yamebaki mpaka leo katika sehemu nyingi, membamba, tambarare na yaliyonyooka, kana kwamba fundi aliyeyapima alijua kwamba wajukuu wa manamba watayakimbilia mbio.

Na mbio zenyewe si desturi ya kuletwa jana. Kila Mtanzania aliyepita shule ya msingi, na kila aliyepita Jeshi la Kujenga Taifa lililoasisiwa mwaka 1963, anaujua mchakamchaka: safu, wimbo, kiitikio, na miguu mingi inayopiga ardhi kwa mpigo mmoja. Vikundi vya jogingi vinavyoonekana siku hizi katika miji yetu kila mwisho wa juma ni watoto wa mchakamchaka ule.

> *“Matuta ya vireli vya mkonge yamebaki kana kwamba fundi aliyeyapima alijua kwamba wajukuu wa manamba watayakimbilia mbio.”*

Njia tatu, tabia tatu

Mwenye kutaka kukimbia pande hizi ana njia za namna tatu, na kila moja ina tabia yake, kama walivyo watoto wa mama mmoja.

Ya kwanza ni ile ya kandokando ya reli ya zamani. Ni ngumu kwa nyayo, kwa sababu kokoto hutawanyika hata nje ya tuta, lakini haipotezi mtu: aendaye akiifuata hufika, na arudiye hurudi alikotoka. Hatari yake ni kwamba mkimbiaji hujisahau akaingia katikati ya mataruma, na treni ya mizigo, ambayo wenyeji huizoea kwa kuwa ni ya pole, haina breki ya kumhurumia aliyejisahau.

Ya pili ni njia ya mkonge. Hii ndiyo ipendwayo na wenye kutafuta kasi, maana haina kona wala mteremko wa ghafla, na macho huona mbali. Asubuhi ncha za majani hushika umande na kumetameta kama sindano za fedha. Sindano zile, hata hivyo, si za mapambo. Kijana anayekimbia ubavu kwa ubavu na mwenzake katika ujia uliosongwa huweza kurudi nyumbani na paja lililochanwa. Kiangazi hapana kivuli hata kidogo, na asiyebeba maji hujuta.

Ya tatu ni njia ya mto, nayo ndiyo azizi kuliko zote na ndiyo dhaifu kuliko zote. Ina kivuli cha mikuyu na mikwaju, ina udongo laini unaouhurumia mguu, ina sauti ya maji na ya ndege. Masika, kati ya Machi na Mei, mto hujaa, hula kingo zake, na njia hubadili mahali kwa amri ya maji. Hilo ni jambo la tabia ya nchi na hakuna alilalamikiaye. Linalolalamikiwa ni kubadili mahali kwa amri ya jembe, mwaka hata mwaka, wala pasiwe na mtu wa kuulizwa.

Mgeni na azingatie jambo moja zaidi. Ngerengere ni mahali penye kambi ya jeshi, na ardhi ya jeshi ina mipaka ambayo adabu na sheria zote mbili zinamwamuru raia aiheshimu. Kabla ya kutia mguu katika ujia asioujua, sharti awaulize wenyeji. Swali hilo, ambalo humgharimu mtu salamu moja tu, humwokolea mengi.

Upande wa jembe

Itakuwa dhuluma kumhukumu mzee wa pampu kabla ya kumsikiliza. Nchi ya chini ya Ngerengere haina mvua za Uluguru. Vuli huweza kuja kwa matone na kuondoka kwa siku chache, na mahindi yaliyopandwa mbali na maji hukauka yakiwa na kimo cha goti. Ukingo wa mto, kwa upande wa pili, hutoa mchicha, bamia na nyanya hata katika miezi ya ukame, na nyanya zile, zikiwahi soko wakati zimeadimika, ndizo ada, daftari na dawa.

Kwa hesabu ya mkulima, ujia wa hatua mbili unaopita katika urefu wote wa shamba lake ni matuta mawili ya mboga aliyonyang'anywa. Tena njia haileti wakimbiaji tu. Njia iliyo wazi humleta mwizi wa pampu usiku, na huleta ng'ombe mchana, katika mkoa ambao ugomvi wa wakulima na wafugaji umekwisha kumwaga damu mara kadhaa. Boma la miiba, katika macho yake, ni bawabu asiyelala na asiyedai mshahara.

Naye ana hoja ya nne, ambayo nimeiona kuwa nzito kuliko zote: hakuna aliyemwonyesha ramani. Alipofyeka kichaka chake, hapakuwa na jiwe wala kigingi cha kumwambia kwamba hapa ni pa kupita watu. Alikuta ujia wa miguu usio na mwenyewe, akautia shambani, kama baba yake alivyokitia kichaka shambani, na babu yake kabla yake.

Upande wa sheria

Sheria, hata hivyo, ipo, na imeandikwa. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, katika kifungu cha 57, inakataza ndani ya meta 60 kutoka kwenye kingo za mto shughuli za kibinadamu zilizo za kudumu au ambazo kwa asili yake huweza kuyadhuru mazingira ya mto. Na Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 inalinda vyanzo vya maji kwa kipimo hicho hicho. Bodi ya Maji ya Bonde la Wami/Ruvu, yenye makao yake mjini Morogoro, ndiyo iliyokabidhiwa dhamana ya kuyatunza maji ya Ngerengere.

Sababu ya sheria hiyo ni dhahiri kwa kila aliyeutazama ukingo uliolimwa hadi mwisho. Mizizi ya mikuyu ikiondolewa, udongo hauna mkono wa kuushika. Mvua ya kwanza huuteremsha mtoni, mto hujaa mchanga na kupungua kina, na mafuriko yajayo hupanda juu zaidi na kulichukua lile lile tuta la nyanya lililoyasababisha. Dawa za kuulia wadudu nazo hufuata mkondo, na chini ya mkondo kuna watu wanaokinga ndoo.

Lakini historia ya milima hii inatuonya kwamba sheria iliyo haki huweza kutekelezwa kwa namna ya dhuluma. Katika miaka ya 1950 serikali ya kikoloni iliwalazimisha Waluguru kuchimba matuta ya ngazi milimani kwa kisa cha kuzuia mmomonyoko. Mmomonyoko ulikuwa wa kweli. Amri ndiyo iliyokosa insafu, kwa maana wenye ardhi hawakushauriwa, kazi ilikuwa ngumu, na matuta yenyewe katika udongo ule aghalabu hayakuleta mavuno. Mwaka 1955 huko Matombo umati ulikataa, ghasia zikazuka, risasi zikafyatuliwa na mtu mmoja akapoteza maisha. Mpango ule ulivunjika, na ukaacha nyuma yake chuki juu ya neno lenyewe la hifadhi.

> *“Mmomonyoko ulikuwa wa kweli, amri ndiyo iliyokosa insafu.”*

Anayetaka leo kuing'oa pampu ya mzee kwa kauli ya meta 60, bila kumkalisha kitako na kumwonyesha atalima wapi, anayarudia makosa ya 1955, na atavuna yale yale.

Upande wa reli

Mshindani wa tatu ni mgeni na ni mwenye nguvu. Reli ya kisasa, iliyowekewa jiwe la msingi mwaka 2017, ilianza kuchukua abiria baina ya Dar es Salaam na Morogoro mwezi Juni 2024, nayo ina kituo Ngerengere. Treni zake huenda kwa umeme, kwa mwendo uliopangwa kufika kilomita 160 kwa saa.

Kwa mwendo huo hakuna mtu awezaye kuruka pembeni, na ng'ombe mmoja aliyesimama relini ni msiba wa mamia. Kwa hiyo uzio wa reli ile, na katazo la kuingia katika hifadhi yake, ni mambo ambayo mwenye akili timamu hawezi kuyapinga. Vivuko vya chini na vya juu vimejengwa mahali mahali, na humo ndimo watu, mifugo na baiskeli vinapotakiwa kupita.

Tatizo ni kwamba njia za miguu hazikuwa zimeandikwa popote, na ujia ambao haukuandikwa hauwezi kuhesabiwa. Mhandisi aliyeweka kivuko mahali penye barabara hakukosea katika ramani yake. Ramani ndiyo haikujua kwamba mahali pengine, nusu saa kwa mguu kutoka pale, palikuwa na njia ya watoto kwenda shule. Basi njia ya zamani huishia kwenye waya, na watu hufuata uzio mpaka penye kivuko, kisha hurudi upande wa pili mwendo ule ule. Kwa mkimbiaji hayo ni mazoezi ya ziada. Kwa mwanamke mwenye ndoo kichwani ni asubuhi iliyopotea.

Si anasa ya wenye viatu

Hapa ndipo ninapotaka msomaji asimame nami kidogo. Wako watakaosema kwamba katika nchi yenye haja ya chakula, maji na reli, habari ya njia za kukimbilia ni anasa ya watu wa mjini wenye viatu vya bei. Nilikaa saa nzima penye kona ile ya mto kuhesabu, si kwa takwimu za mtaalamu bali kwa macho ya mpita njia, ni nani walioikuta njia imekatika. Walikuja wanafunzi wa kike wawili wenye madumu. Akaja mtu wa baiskeli iliyobeba magunia mawili ya mkaa, akashuka, akaibeba baiskeli pamoja na mzigo wake juu ya bega la ukingo, huku akiomba radhi kwa mzee. Akaja mama mwenye mtoto mgongoni, akielekea zahanati. Wakimbiaji wanane walikuwa wamekwisha kuondoka kitambo.

Mkimbiaji, kwa hakika, ndiye shahidi tu. Yeye huigundua njia iliyokatika mapema kuliko wengine kwa kuwa huipita kila siku bila ya mzigo, na kwa kuwa ana wasaa wa kulalamika. Njia yake ndiyo njia ya mwanafunzi, ya mchota maji na ya mgonjwa.

Hata tukimchukua mkimbiaji kwa nafsi yake, hoja yake si ndogo. Shirika la Afya Duniani linamshauri mtu mzima ajitie katika mazoezi ya wastani kwa dakika zisizopungua 150 kila juma, na maradhi ya shinikizo la damu na kisukari hayabagui tena mji na kijiji. Dawa iliyo rahisi kuliko zote ni mguu na njia. Mguu tumepewa na Mola. Njia sharti tuitunze wenyewe.

Na nchi hii inazo sababu za kumstahi mkimbiaji. Filbert Bayi alivunja rekodi ya dunia ya meta 1,500 huko Christchurch mwaka 1974. John Stephen Akhwari, mwaka 1968 huko Mexico, alimaliza marathoni akiwa ameumia goti, usiku umekwisha kuingia, na dunia ikamkumbuka zaidi ya waliomtangulia. Juma Ikangaa, askari, alishinda marathoni ya New York mwaka 1989.

Na tarehe 15 Septemba 2025 mjini Tokyo, askari mwingine wa JWTZ, Alphonce Simbu, alikata utepe wa marathoni ya dunia kwa saa 2, dakika 9 na sekunde 48, akimtangulia Mjerumani Amanal Petros kwa sehemu tatu za mia za sekunde, akawa Mtanzania wa kwanza kutwaa dhahabu katika mashindano ya dunia ya riadha.

Miguu ya namna ile hailelewi viwanjani peke yake. Hulelewa katika vijia vya kijijini, mahali ambapo mtoto hukimbia kwa sababu amechelewa shule, bila ya kujua kwamba anafanya mazoezi. Kijia kikifungwa, hatutajua kamwe ni nani aliyekuwa apite humo.

> *“Kijia kikifungwa, hatutajua kamwe ni nani aliyekuwa apite humo.”*

Farasi aliondoka, njia ikabaki

Yafaa kutazama jinsi wengine walivyolitatua jambo hili, si kwa kuiga bali kwa kujifunza. Uingereza, katika karne ya 18, ilichimba mifereji mirefu ya kupitishia mashua za makaa ya mawe na bidhaa. Mfereji wa Bridgewater ulifunguliwa mwaka 1761. Mashua zile zilivutwa na farasi, na kwa ajili ya farasi ukatengenezwa ujia kandokando ya maji. Zama za farasi zikapita, reli na malori yakachukua mizigo, lakini ujia haukufyekwa wala kulimwa. Leo hii, katika vijiji vingi vya nchi ile, mkimbiaji hutoka mlangoni kwake, hupita baina ya malisho ya kondoo, hushuka kwenye ujia wa mfereji, na kurudi nyumbani bila ya kuomba ruhusa ya mtu.

Uhuru huo haukudondoka kutoka mbinguni. Mwezi Aprili 1932 mamia ya wafanyakazi waliingia kwa miguu, kinyume cha katazo la wenye ardhi, katika kilima cha Kinder Scout, na baadhi yao wakafungwa jela. Mwaka 1949 ikatungwa sheria iliyozitaka halmashauri za Uingereza na Wales zichore katika ramani rasmi kila njia ya miguu iliyo haki ya umma. Tangu hapo mkulima anunuaye shamba hulinunua pamoja na njia ipitayo ndani yake, naye huijua kabla ya kushika jembe.

Sisi nasi tulikuwa na farasi wetu, ambaye alikuwa toroli la mkonge. Ameondoka, na njia yake ingalipo. Tofauti ni moja tu: ya kwao imeandikwa, ya kwetu haijaandikwa.

Kalamu kabla ya jembe

Wala hatuhitaji kusubiri sheria mpya. Sheria ya Ardhi, Na. 4 ya 1999, inatambua haki za njia za umma. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya mwaka ule ule, inakipa kijiji uwezo wa kutenga ardhi ya matumizi ya jumuiya, kwa idhini ya mkutano mkuu wa kijiji. Na Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi ya mwaka 2007 inaweka utaratibu wa kuchora mpango huo. Mipango ya vijiji huonyesha makazi, mashamba, malisho na misitu. Kinachotakiwa ni kuongeza mstari mmoja mwembamba: hapa watu hupita.

Tena mstari huo unapofuata mto, mashindano niliyoyaeleza yanapata suluhu ambayo kila upande unaweza kuimeza. Meta 60 za ukingo, ambazo sheria imezikataza kulimwa kwa kudumu, si lazima ziachwe kuwa pori lisilo na mwangalizi, ambalo kila mwaka humegwa hatua moja mpaka likaisha. Ujia wa miguu unaweza kupita ndani yake bila ya kung'oa mti, nao ukawa mpaka unaoonekana: upande huu mikuyu na mto, upande ule matuta na pampu. Watu wanaopita kila asubuhi ni walinzi wasiolipwa. Wataona mti uliokatwa kabla ya afisa yeyote kupata habari, na hata mwizi wa pampu huogopa njia yenye nyayo nyingi kuliko boma la miiba lisilo na mtu.

Mkulima naye asiachwe mikono mitupu. Kijiji kikimrudisha nyuma kutoka ukingoni, na kimpe kwa maandishi kipande kingine kilicho karibu na maji kwa kadiri ya sheria, na mahali pa kupitisha mpira wake wa pampu chini ya ujia. Zaidi ya yote, aitwe kikaoni kabla ya vigingi kupigwa, apate kusema mwenyewe njia ipite wapi. Yeye anaujua mto unavyofanya masika kuliko mpima yeyote.

Kwa upande wa reli, ramani ya namna hii ndiyo itakayowapa wahandisi kitu cha kushika siku ya kupanga vivuko vingine. Na kwa upande wa mashamba ya mkonge, ambako baadhi ya ardhi hugawiwa na kulimwa upya, matuta ya vireli yaandikwe sasa, maana trekta moja huweza kufuta kwa siku mbili kilichodumu kwa miaka mingi.

Kiangazi ndio wakati wa kazi hii. Nyasi zimelala, mto umeshuka, na mtu huweza kutembea ukingo wote kwa asubuhi chache akiwa na vigingi, kamba ya meta 60 na kitabu cha kuandikia. Wazee wataonyesha njia ilikopita zamani. Wanafunzi wataonyesha inakopita leo. Na wale vijana wanane, ambao hawakumgombeza mzee bali walimwamkia, wana miguu ya kuibeba kamba kutoka mwanzo hadi mwisho.

Nilipokuwa nikiondoka nilipita tena penye ile kona. Mzee alikuwa amezima pampu na kuketi chini ya mkuyu, mkuyu pekee aliouacha shambani mwake. Nilimwuliza kama kijiji kikija na kamba na vigingi atakubali. Alitazama maji kwa muda, kisha akanionyesha kwa fimbo mahali, hatua chache nyuma ya tuta lake la kwanza, akasema kwamba hapo ndipo alipokuwa akipita yeye mwenyewe alipokuwa mtoto wa shule.